Tuzo bila Uhakiki ni Deni: Maoni ya Jaji Aliyekosea

Utangulizi

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema ni nani akichunguze hicho chanda kabla ya kukivika, wala hawakusema kama mwenye kuvika pete ana wajibu wa kueleza kwa nini kachagua kidole hiki akakiacha kile. Katika makala haya ninakusudia kulijadili suala hilo kuhusiana na tuzo za uandishi zinazotolewa kwa wanafunzi wa vyuo na vyuo vikuu, hasa zile za mikoa na kanda. Hoja yangu ni moja tu: tuzo isiyoambatana na uhakiki ulioandikwa na kusomwa na watu haimsaidii aliyeshinda, inamdhulumu aliyeshindwa, na inaiacha fasihi pale pale ilipokuwa.

Msomaji atauliza: huyu anayesema haya ana mamlaka gani? Ni swali la haki. Miaka miwili iliyopita nilikuwa mmoja wa majaji wanafunzi katika shindano la hadithi fupi lililovishirikisha vyuo vya kanda yetu ya magharibi. Sitalitaja jina, maana kosa ninalotaka kulieleza ni langu mimi. Na kosa lenyewe lilikuwa la kihakiki. Nilisoma vibaya, nikatoa alama kwa kujiamini, nikapiga makofi siku ya kutangaza matokeo, nikaenda zangu. Nimekuja kugundua baadaye, tena si darasani bali mwaloni Kibirizi, kwamba hadithi iliyokuwa bora kuliko zote ndiyo niliyoizamisha kwa kalamu yangu nyekundu.

Kutuza ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Tuzo linatokana na kitenzi kutuza. Kabla neno hili halijaingia katika kumbi zenye viyoyozi lilikuwa neno la uwanjani. Mtu akicheza ngoma ikakolea, au mwimbaji wa taarabu akagusa pale panapouma, mtazamaji huinuka kitini, akapita mbele za watu, akamtuza. Hebu tulitazame tendo hilo kwa jicho la kihakiki. Kwanza, mwenye kutuza anaonekana. Pili, anatuza papo hapo, kwa hiyo kila aliyepo anajua ni ubeti gani au ni mchezo gani wa kiuno uliomwinua. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwenye kutuza naye anahukumiwa. Akimtuza asiyestahili, hadhira itamcheka yeye, si mwimbaji.

Sasa linganisha na tuzo zetu za vyuoni. Majaji wanajifungia chumbani. Alama zinajumlishwa. Mgeni rasmi, ambaye mara nyingi hajasoma hata mstari mmoja, anasoma majina matatu kutoka kwenye karatasi. Ngao, cheti, picha, soda. Waliokaa ukumbini hawajui ni nini hasa kilichotuzwa, na walioshindwa hawajui ni nini kilichowaangusha. Majaji hawachekwi na mtu, kwa sababu hakuna ajuaye walisema nini.

Ushairi wetu nao ulikuwa na aina yake ya tuzo. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi wa Tanganyika walikuwa wakitupiana mafumbo magazetini. Mtu akitunga shairi zuri, zawadi yake ilikuwa ni kujibiwa. Mwingine kutoka mji wa mbali anachukua bahari ile ile, pengine na kibwagizo kile kile, anapinga, anaunga mkono, anakosoa kina kilichopwaya. Shairi lisilojibiwa ndilo lililokufa. Kwa maneno mengine, tuzo na uhakiki vilikuwa kitu kimoja. Tumevitenganisha sisi, kisha tunashangaa kwa nini tuzo ni nyingi na wasomaji ni wachache.

Tuzo zimefanya nini katika fasihi yetu?

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuzo hazina faida. Historia ya fasihi ya Kiswahili ingekuwa na mapengo makubwa bila mashindano. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotuletea Bwana Msa na kiko chake, ilishinda shindano la hadithi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58, kisha ikachapishwa mwaka 1960. Hapo tuzo ilikuwa mlango: kazi ikaingia, ikasomwa, ikahakikiwa, hadi leo vijana wanaijadili.

Upande mwingine tunao mfano wa Abdilatif Abdalla. Alifungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Wengine husimulia kisa hiki kama kichekesho. Kwa maoni yangu kinatufundisha jambo zito: jina lililo juu ya ngao si kitu; kilicho kitu ni msomaji mwenye ujasiri anayekaa nyuma ya ngao hiyo. Majaji wale walisoma maandishi, hawakusoma uso wa mkubwa.

Mfano wa tatu unaihusu njia inayoishia kwetu Ujiji. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, alitoa riwaya ya Paradise mwaka 1994. Ndani yake mna kijana anayechukuliwa na msafara wa biashara kutoka pwani, anapita bara, hadi ng'ambo ya ziwa kubwa. Ni njia ile ile ya misafara ambayo babu zetu waliijua kwa nyayo zao. Lakini riwaya hiyo ilikuwa ya Kiingereza, na mswahili wa Ujiji asiyesoma Kiingereza hakuwa na namna ya kujiona humo. Oktoba 2021 Gurnah akapata Tuzo ya Nobeli. Mwaka uliofuata, 2022, ikatoka tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, Peponi, kutoka Mkuki na Nyota. Miaka 28! Hapa hatuna budi kukiri kwamba tuzo ilikirudisha kitabu nyumbani. Lakini pia tujiulize: wahakiki wa Kiswahili walikuwa wapi kwa miaka yote hiyo 28? Je, ilibidi tungoje Stockholm itutafutie ndugu yetu?

Siku hizi tuzo za Kiswahili zimeongezeka, na ni jambo la kushangilia. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, iliasisiwa mwaka 2014, na washindi wake wa kwanza wakapatikana mwaka 2015, wakiwemo Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Baadaye ikamwibua Dotto Rangimoto na Mwanangu Rudi Nyumbani. Nayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, ambaye naye alikuwa mtunzi na mfasiri wa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10 na kazi yake inachapishwa. Kwa mtunzi aliyezoea kuchapa kazi kwa fedha zake na kuzitembeza mkononi, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Tatizo langu haliko huko juu. Liko huku chini, katika mashindano yetu ya vyuo na ya kanda, ambako mtunzi chipukizi anajaribu kwa mara ya kwanza. Huku ndiko anakopata moyo au kuvunjika moyo. Na huku ndiko majaji wanakuwa watu kama mimi.

Mswada namba 17

Miswada tuliyopewa ilikuwa zaidi ya thelathini, yote ikiwa na namba badala ya majina. Tulipewa na karatasi ya kusahihishia: lugha alama 30, vipengele vingine vya fani 30, maudhui 30, unadhifu 10. Tulikuwa na siku mbili. Mtu mwenye akili timamu angesema muda hautoshi. Sisi tulisema sawa.

Mswada namba 17 uliitwa "Siku za Mwezi". Jaji mwenzangu alidhani ni habari za hedhi, akafanya utani, tukacheka. Nadhani kicheko kile kilitupotosha kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza.

Hadithi yenyewe ni fupi. Familia moja ya wavuvi wa dagaa katika mwalo wa Ziwa Tanganyika ina deni. Mama alikopa fedha kwa mfanyabiashara ili anunue nyavu na karabai. Mkopeshaji akapanga tarehe ya kulipwa. Sehemu kubwa ya hadithi inahusu siku chache kabla ya tarehe hiyo, ambapo wanaume wamekaa ufukweni wanashona nyavu, wanacheza bao, wanagombana na wake zao. Hakuna anayeingia ziwani. Binti wa nyumba anamwona mkopeshaji akija, amevaa kanzu safi, akitembea polepole, na usiku ule mbalamwezi imejaa. Mwishoni binti anachukua lusenga ya zamani ya babu yake, ule wavu wa mkono wa kuchotea dagaa, anaanza kuiviringisha kama mtu anayekunja mkeka. Hadithi inaishia hapo.

Nilichoandika pembeni ninacho mpaka leo, maana nakala ya mswada ilibaki kwangu. Naandika hapa bila kuficha: "Muumano wa visa ni dhaifu. Msanii hajaeleza kwa nini wavuvi wamekaa tu siku zote hizi ilhali wana deni. Wahusika ni wavivu, na dhamira ya uvivu haikuendelezwa. Maelezo ya mbalamwezi ni pambo lisilo na kazi. Lusenga? Tumia Kiswahili sanifu." Lugha nikampa 14 kati ya 30.

Aliyeshinda aliandika juu ya mapenzi katika ufukwe wenye minazi, upepo mwanana na mawimbi yanayobusu mchanga. Kiswahili chake kilikuwa safi, hakuna kosa hata moja la upatanisho wa kisarufi. Leo ukiniuliza ufukwe ule ulikuwa wapi, sijui. Unaweza kuwa popote, kwa hiyo haukuwa mahali popote.

Somo la Kibirizi

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Ujiji kwa kuzaliwa, lakini nimekulia Tabora kwa sababu ya kazi ya baba, na ziwa nalijua kama mgeni anavyolijua: kwa kulitazama. Mjomba wangu ndiye mtu wa majini. Nilimkuta Kibirizi, pembeni mwa vichanja vya dagaa. Baada ya shikamoo na habari za mjini, nikamwambia nina hadithi ya wavuvi, nikamsomea ili tucheke pamoja.

Hakucheka. Nilipofika mahali pa mkopeshaji na mbalamwezi alinikatiza.

"Huyo tajiri ni mshenzi kweli kweli," akasema.

"Kwa nini, mjomba?"

"Si kawawekea siku ya kulipa mwezi ukiwa mkubwa? Makusudi kabisa."

Nikamwambia sijaelewa. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza maji ni nini. "Mjomba, wewe umesoma lakini. Dagaa tunawavuta kwa taa. Mwezi ukijaa ziwa zima linakuwa na mwanga, taa yako itamwita nani? Siku hizo watu tunakaa nje, tunashona nyavu. Kila mtu anajua. Na huyo tajiri anajua. Kaweka siku ambayo hawana kitu mkononi, ili achukue chombo."

Ndugu msomaji, nilisikia joto usoni. Hadithi nzima ilifunguka kwa sentensi hizo chache. Kile nilichokiita uvivu kilikuwa kalenda. Kile nilichokiita pambo lisilo na kazi ndicho kilikuwa kitanzi. Mkopeshaji hakuhitaji bunduki wala mahakama, alihitaji kujua mwezi utajaa lini. Mtunzi aliliweka jambo hilo kwenye jina la hadithi, akaliweka kwenye mandhari, akaliweka kwenye tabia za wahusika, lakini hakulieleza, kwa sababu watu anaowaandika hawaelezani jambo linalojulikana. Huo ni ustadi wa hali ya juu wa fani. Na lusenga? Familia inayonyang'anywa nyavu na karabai inabaki na chombo cha babu tu. Binti anapoikunja, hata kurudi nyuma kumeshindikana. Ungeweka neno gani sanifu mahali pale? "Wavu mdogo wa mkono"? Jamani! Neno lingekuwa sahihi na babu angetoweka.

Nilimuuliza mjomba mwisho wa hadithi anauonaje. Akafikiri kidogo. "Angesema na habari za chanja," akasema. "Wanawake ndio wanaoanika, mume asipokwenda ziwani mwanamke naye hana cha kuuza. Mama yule hakuonekana vizuri." Ni kweli kabisa. Huo ndio udhaifu halisi wa hadithi ile, na mimi na karatasi yangu ya alama 100 hatukuuona. Mjomba, aliyeishia darasa la saba, alitoa katika dakika kumi uhakiki ambao sisi watatu hatukuutoa katika siku mbili.

Je, Kandoro angeshinda?

Kisa hiki kilinifanya nimfikirie mtu mwingine wa Ujiji. Mgeni akija mjini kwetu huulizia mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Sijapata kumwona mgeni aliyeulizia habari za Saadani Abdu Kandoro, na huyu alizaliwa hapo hapo Ujiji. Ni mmoja wa waasisi wa TANU wa Julai 1954, ni mwandishi wa Mwito wa Uhuru (1961) na Mashairi ya Saadani (1972). Shairi lake linalokumbukwa zaidi, alilolitunga zama za ukoloni, ni lile la siafu na nyoka: wadudu wadogo wanakazana, na nyoka mkubwa amekasirika.

Sasa tuchukue karatasi yangu ya kusahihishia tuipime kazi hiyo. Lugha: nzuri. Vina na mizani: hakuna shaka, Kandoro alikuwa wa upande wa wanamapokeo, na katika ule mgogoro mkubwa wa ushairi wa miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kuleta Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo hawakutaka kusikia shairi lisilo na vina. Lakini maudhui? Jaji asiyejua hali ya nchi wakati ule angeandika: "Shairi linahusu wadudu na nyoka. Dhamira: umoja ni nguvu. Alama 15." Wananchi walioliimba hawakuhitaji kuelezwa siafu ni nani na nyoka ni nani. Fumbo halikuwa katika maneno, lilikuwa kati ya maneno na maisha ya wasikilizaji. Anayelikosa hilo la pili halisomi shairi, anahesabu mizani tu.

Wala sisemi Kandoro ahusudiwe bila kukosolewa. Kwa maoni yangu si kila shairi lake lina nguvu ya lile la siafu. Yapo mashairi ya siasa ambamo fikra imewekwa uchi, fumbo hakuna, yanabaki kuwa hotuba iliyopangwa kwa vina. Tofauti hiyo ndiyo inayofaa kufundishwa. Lakini nani ataifundisha kama hatumsomi? Meli ya Liemba, iliyounganishwa Kigoma wakati wa Wajerumani kwa jina jingine, ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya. Haikuoza, ilikuwa imekaa chini ya maji inangoja watu wenye kamba. Kazi za fasihi nazo ziko hivyo hivyo. Mhakiki ndiye mwenye kamba. Tuzo ni kengele tu ya kutangaza kwamba chombo kimeonekana.

Lipo pingamizi moja ambalo lazima nilijibu. Mhadhiri mmoja niliyemweleza kisa hiki aliniambia: "Kama kila jaji atatakiwa ajue desturi za kila mwalo, hatutapata majaji. Mtunzi naye ana wajibu wa kueleweka." Ni hoja yenye uzito. Hadithi inayoeleweka Kibirizi tu imejifungia yenyewe. Lakini tazama tunachokidai na tusichokidai. Msomaji wa Kigoma anapokutana na mnazi, jahazi, kusi na kaskazi katika kazi za pwani, hatumruhusu aandike "haieleweki", tunamwambia akafungue kamusi, akaulize. Sisi wote tuliosoma bara tumejifunza bahari kwa njia hiyo, na tumefaidika. Kwa nini basi lusenga na mwezi wa wavuvi wa ziwa visipewe heshima ile ile? Usanifu wa lugha ni daraja la kutukutanisha. Tukiufanya geti la kuulizana vitambulisho, fasihi ya Kiswahili itabaki na ufukwe mmoja tu, wenye minazi.

Nini kifanyike?

Wenzetu kadhaa wamekuwa wakizungumzia haja ya kuwa na tuzo ya vyuo vya ukanda wa Ziwa Tanganyika, itakayowahusisha walimu-wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kasulu, wenzetu wa Chuo Kikuu Huria walioko Kigoma, na pengine hata wanaosoma Kiswahili ng'ambo ya mpaka, Burundi na Kongo, ambako lugha yetu ina ladha yake. Ninaliunga mkono wazo hilo kwa masharti matatu.

Kwanza, kila jaji aandike tathmini ya kila kazi iliyoingia hatua ya mwisho, angalau ukurasa mmoja, na aweke jina lake chini. Tathmini hizo zichapishwe katika gazeti kama hili. Jaji akikosea, tumcheke. Ndiyo maana ya kutuza mbele za watu.

Pili, kabla ya kutoa alama, kazi zisomwe kwa sauti mbele ya watu wa mahali zinapopazungumzia. Hadithi ya wavuvi isomwe mwaloni, ya wachimba chumvi isomwe Uvinza. Si kwa ajili ya kupiga kura, bali kwa ajili ya kumsaidia jaji asiwe mjinga kama nilivyokuwa mimi.

Tatu, kile kipengele cha "ufasaha wa lugha" kiandikwe upya. Swali lisiwe "Je, neno hili limo katika kamusi?" Liwe "Je, neno hili linafanya kazi ambayo hakuna jingine linaloweza kuifanya hapa?" Upatanisho wa kisarufi tuendelee kuudai kwa nguvu zote, maana uzembe si lahaja.

Ngao na fedha vikipatikana, vizuri. Visipopatikana, masharti haya matatu hayahitaji mfadhili. Yanahitaji karatasi na muda.

Hitimisho

Bahasha za majina zilipofunguliwa siku ile, niliona kwamba namba 17 alikuwa dada wa mwaka wa pili, mtoto wa Katonga. Hakuwepo ukumbini. Nimesikia kwamba sasa anafundisha katika wilaya mojawapo ya mkoa huu, na kwamba tangu wakati ule hajaandika hadithi nyingine. Siwezi kudai kwamba ni kwa sababu yangu. Wala siwezi kudai kwamba si kwa sababu yangu.

Mwezi uliopita nilimwandikia barua ya kurasa tatu. Si barua ya kuomba msamaha tu, ingawa msamaha nimeuomba. Ni tathmini ya "Siku za Mwezi", ile niliyopaswa kuiandika nilipokuwa jaji. Nimemweleza kwa nini mbalamwezi ni mhusika, kwa nini lusenga isiguswe, na kwa nini, kama alivyosema mjomba, mama anahitaji kuonekana zaidi penye vichanja. Nimemrudishia na mswada wake, wenye wino wangu mwekundu pembeni, ili ajionee mwenyewe nani alikosea.

Hajajibu bado. Anayo haki ya kutojibu. Deni lilikuwa langu, na sikumpangia tarehe.